Eti Kila Kitu Kiko Mtandaoni

Kauli hii utaisikia kwenye vikao vya bajeti. Utaisikia kwa wanafunzi waliokaa kwenye vimbweta, simu mkononi. Siku hizi utaisikia hata kwa maprofesa ambao shahada zao zote walizipata kwa kuinamia vitabu: maktaba ya chuo kikuu imepitwa na wakati, kila kitu kiko mtandaoni. Kinachotakiwa, wanasema, ni intaneti yenye kasi, meza, soketi za kuchajia na viyoyozi. Rafu zibaki kwa ajili ya picha za mahafali. Wakutubi nao wapunguzwe, maana hawana kazi tena zaidi ya kugonga mihuri na kuwaambia watu wanyamaze.

Kauli hiyo si ya kweli, wala si ya kuachwa ipite eti kwa kuwa anayeisema amevaa tai. Ndiyo inayofanya fungu la vitabu likatwe kabla ya fungu la posho za vikao. Ndiyo inayofanya mkutubi akistaafu nafasi yake isijazwe. Na wanaoisema kwa uhakika zaidi ni watu ambao mara ya mwisho kupita kati ya rafu ilikuwa wakati wanaandika tasnifu zao wenyewe.

Tuanze na jambo ambalo kila aliyepita shule ya msingi Tanzania analijua: Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini katika maeneo yaliyopigana na Wajerumani kati ya 1905 na 1907. Walikaa na wazee, wengine waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita, wengine waliosimuliwa na baba zao. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Maelezo yakaandikwa, yakapigwa taipu, yakatiwa kwenye majalada. Leo hakuna hata mmoja aliye hai kati ya walioviona vita vile kwa macho yao. Zimebaki karatasi, na karatasi hizo ziko kwenye maktaba ya chuo pale Mlimani, sehemu iitwayo East Africana. Mwanahistoria anayetaka kuvisikia vita vile kutoka upande wa waliopigwa risasi, awe ametoka Songea au Berlin, njia yake inapita hapo.

Sasa mpe simu mtu wa "kila kitu kiko mtandaoni", umwambie akuletee maelezo ya mzee mmoja tu wa Umatumbi. Atakuletea muhtasari, atakuletea makala za magazeti zilizonakiliana, pengine na tovuti ya utalii iliyochanganya tarehe. Akibahatika atakuta kurasa chache za kitabu cha mtu aliyekaa Mlimani akazisoma zile karatasi. Yaani hata hicho kidogo alichokipata kwenye simu kimetoka rafuni.

Na Maji Maji ni sehemu moja tu. Hapohapo kuna makaratasi ya Hans Cory, yule mzaliwa wa Vienna aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, akakusanya sheria za mila za Wasukuma na Wahaya. Kuna miswada ya Kiswahili iliyokusanywa miaka ya 1960 na J.W.T. Allen kwa kupita nyumba kwa nyumba katika miji ya pwani: tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, pamoja na kanda za sauti. Orodha ya miswada hiyo ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Kuna magazeti yaliyojalidiwa, na kuna tasnifu za miaka zaidi ya hamsini, nyingi zikiwa zimesomwa na watu watatu tu: mwandishi, msimamizi na mtahini. Ukizifungua hizo tasnifu utakuta vipimo vya mvua, bei za mazao, majina ya samaki kwa lugha za ziwani, nyimbo za jando. Ni utafiti uliolipiwa na walipa kodi wa nchi hii, nao hauko popote pengine.

"Basi ziskaniwe," ndugu yetu atajibu, tena atajibu haraka, kama mtu aliyemaliza ubishi. Sawa, ziskaniwe. Mimi pia nataka ziskaniwe. Ila tuulizane: Google ilipoamua kuweka vitabu vya dunia mtandaoni ilikwenda wapi? Desemba 2004 ilitangaza washirika wake watano wa kwanza: Harvard, Stanford, Michigan, Oxford, na maktaba ya umma ya New York. Vyuo vikuu vinne na maktaba moja ya mji. Kampuni tajiri kuliko nchi nyingi, yenye mashine na wahandisi wa kila aina, ilibidi ikabishe hodi kwa wakutubi, kwa sababu vitabu vilikuwa kwao, vimepangwa, vina namba, vina orodha. Mtandao wa vitabu umezaliwa na maktaba za vyuo. Katika wale watano hapakuwa na maktaba hata moja ya Afrika. Ndiyo maana ukitafuta habari za kijiji cha Uingereza karne ya 19 unafunikwa na vitabu, na ukitafuta habari za kijiji cha Ufipa unapata hewa. Ambaye hakukusanya hana cha kuskani.

Tena hata vilivyoskaniwa si kwamba unavipata. Vitabu ambavyo bado vina hakimiliki Google hukuonyesha mistari miwili mitatu, basi. Katika hazina ya HathiTrust, iliyoanzishwa na maktaba za vyuo vya Marekani mwaka 2008, kuna vitabu vinavyofunguka kwa msomaji aliye Marekani na kufungwa kwa aliye nje. Mwanafunzi wa Dodoma anaweza kuona jina la kitabu kinachohusu mababu zake na asiweze kufungua ukurasa wa kwanza, kwa sababu tu ya mahali alipokaa.

Hapo tunaingia kwenye majarida ya kitaaluma, ambako uongo huu unapata mashabiki wengi. Mhadhiri anabofya, makala inafunguka, anaamini iko bure kama upepo wa bahari. Hajui kwamba kuna mkutubi aliyesajili chuo, aliyefuatilia nywila, aliyeandikiana barua na mchapishaji wa Ulaya wiki tatu kwa sababu anwani ya kompyuta za chuo ilikuwa imebadilika. Mhadhiri huyohuyo akienda likizo kijijini, nje ya mtandao wa chuo, makala hiyohiyo inamdai dola 30 au 40. Hapo ndipo atakapojua maktaba ilikuwa inamfanyia kazi akiwa hajui. Na tusidhani bei hizi zinatuumiza sisi tu. Mwaka 2012 Harvard yenyewe ilitangaza kwamba majarida ya wachapishaji wakubwa yanaigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haivumiliki. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California kikavunja mkataba na mchapishaji Elsevier, na kikakaa miaka miwili bila mkataba.

Sisi tunapata mengi kwa mlango wa hisani. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa HINARI, uliofungua majarida ya tiba kwa nchi maskini bure au kwa bei ndogo. Ni jambo jema, madaktari wengi wa Muhimbili na kwingineko wamefaidika. Lakini Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida yao, zaidi ya elfu mbili, kwa wasomaji wa Bangladesh. Nchi ilikuwa imeanza kuonekana kama soko. Watu wakapiga kelele kwenye majarida ya tiba, wachapishaji wakarudi nyuma. Fikiria lakini kwamba hali hii imekukuta wewe, katikati ya muhula, na hakuna aliyepiga kelele. Kinachotolewa kwa hisani huondolewa kwa barua pepe. Mwenye jarida lililojalidiwa rafuni ni mwenye nyumba. Mwenye nywila ni mpangaji, na kodi hupanda.

Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, Kenya na Uganda nazo zikayumba. Kwa siku kadhaa watu walikuwa wakingoja ukurasa mmoja ufunguke mpaka chai ikapoa. Siku zile kitabu kilichokuwa rafuni kilifunguka kama kawaida yake. Nalitaja hili kwa sababu kila ukilitaja unaambiwa ni ajali ya mara moja moja. Lakini si nyaya peke yake: maktaba ya taifa ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandao Oktoba 2023, katalogi yake ikazimika, na haikurudi hadi Januari 2024, tena kwa kiasi. Vitabu vyenyewe vilibaki rafuni. Waliotegemea kompyuta kuvipata walikwama.

Wapinzani wetu nao wana moto wa kutuonyesha. Aprili 18, 2021, moto ulioanzia kwenye miteremko ya Mlima Table uliteketeza ukumbi wa Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa sana ya mkusanyiko wa vitabu vya masomo ya Afrika ikawa majivu. "Mnaona?" wakasema. "Karatasi zinaungua." Zinaungua kweli. Lakini nyaraka zilizokuwa ghorofa ya chini zilinusurika kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kulikuwa na milango ya kuzuia moto iliyojifunga. Baadaye watu wa kujitolea walibeba makasha kwa wiki kadhaa, wakitoa karatasi zilizolowa maji ya zimamoto, na kila kasha likiandikwa limetoka wapi na linakwenda wapi. Iliwezekana kujua kilichopotea kwa sababu kilikuwa kimeorodheshwa, na kisichokuwa cha pekee kikaanza kutafutwa nakala yake kwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pale daftari lilikuwepo. Funzo la Cape Town ni kwamba mkusanyiko wa pekee utengenezewe nakala, ulindwe na uorodheshwe, na kazi zote tatu ni za maktaba yenye watu na fedha.

Na hapa ndipo kejeli ya "kugonga mihuri" inapohitaji jibu la pole pole.

Kitabu kimoja kinapoingia maktaba hakiendi rafuni siku hiyo. Kinalinganishwa na ankara. Kinapewa namba ya usajili. Kinagongwa mhuri wa umiliki kwenye ukurasa wa jina, na mara nyingi kwenye ukurasa mwingine wa ndani ambao mwizi hatauwaza. Kisha kinakwenda kwa mwenye kazi ya kuorodhesha, na hapo ndipo akili inapofanya kazi. Shaaban Robert aingizwe kwenye S au kwenye R? Robert ni jina la baba yake, si la ukoo kwa mtindo wa Wazungu. Ukimweka mahali pamoja bila kuweka kielekezi mahali pa pili, nusu ya wasomaji watatafuta, hawataona, wataondoka wakisema maktaba haina hata kitabu kimoja cha Shaaban Robert. Muyaka bin Haji je? Mwandishi aliyechapisha kitabu cha kwanza kwa jina la ubatizo na cha pili akalikataa? Kompyuta haiamui hayo. Anaamua mtu, na akikosea, kitabu kinapotea kikiwa ndani ya jengo.

Halafu mada. Maktaba nyingi za vyuo vyetu zinatumia utaratibu wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika utaratibu huo Kiswahili kimepewa PL8701 hadi PL8704, na Tanzania iko DT436 hadi DT449. Maneno ya kutafutia mada yameandikwa kwa Kiingereza, kwa mizani ya mtu aliyekaa Washington. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili, akatafuta kwa Kiswahili, anaweza kukuta patupu ilhali vitabu vimejaa. Mkutubi anayeongeza maneno ya Kiswahili kwenye rekodi, moja moja, mchana kutwa, anafanya kazi ya lugha inayostahili heshima sawa na ya mtunga kamusi. Sijawahi kusikia amealikwa kwenye kongamano.

Kisha lebo mgongoni, msimbo wa mistari, rafu. Na kila jioni vitabu vilivyoachwa mezani vinakusanywa kwenye toroli na kurudishwa, kila kimoja mahali pake, kwa sababu kitabu kilichowekwa rafu ya tatu badala ya rafu ya nne hakina tofauti na kilichoibwa. Niliwahi kusimama kaunta ya maktaba ya chuo kimoja nikamsikiliza kijana wa sheria.

"Shikamoo mama. Natafuta kitabu cha mikataba. Kompyuta inasema kipo, rafuni hakipo."

"Marahaba mwanangu. Mtihani lini?"

"Jumatatu."

"Basi kiko kwenye kilimo."

Akainuka, akaenda kwenye vitabu vya kilimo, akarudi nacho. Kuna aliyekificha huko ili akisome peke yake kabla ya Jumatatu. Nitajie programu inayojua hilo.

Siku hizi kumezuka kauli nyingine, binamu wa ile ya kwanza: tusihangaike, akili mnemba itatujibu. Waulize wakutubi. Wanaletewa orodha za marejeleo zilizopangwa vizuri, zenye jina la mwandishi, jarida, toleo na kurasa, na makala haipo. Jarida lipo, mwandishi yupo, toleo lipo, makala imebuniwa. Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kesi zilizotungwa na mashine. Pale kulikuwa na jaji aliyekagua. Katika chuo anayekagua ni nani, kama si mtu aliyezoea kuuliza "umeiona wapi?" na kwenda kuangalia? Na mashine hiyo ilipewa nini kuhusu sisi? Ilisomeshwa yaliyomo mtandaoni. Ikiwa karatasi za Maji Maji hazimo, mashine itajaza pengo kwa maneno matamu, na mwanafunzi atayabeba kwenye desa, na desa litapigwa kopi steshenari mpaka liwe ukweli.

Sisemi maktaba zetu ni nzuri zilivyo. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipokauka, usajili wa majarida ulikatika, na ukipita kwenye rafu unaona toleo baada ya toleo, halafu ghafla ukimya wa miaka. Kumejaa pia vitabu vya msaada ambavyo waliovitoa walikuwa wanasafisha ghala zao: miongozo ya kompyuta zisizotengenezwa tena, vitabu vya kodi vya nchi nyingine. Vitolewe. Kupogoa rafu nako ni kazi ya mkutubi, na aogopwe asiyetaka kuifanya. Kuna maktaba zinazofunga mapema wakati mwanafunzi wa hosteli ndio kwanza ametoka darasani. Kuna kaunta zenye majibu ya mkato. Hayo yote ni kweli, na yote yanatokana na kunyimwa fedha na watu. Kuyatumia kama sababu ya kunyima zaidi ni hoja ya mtu aliyeamua hukumu kabla ya kesi.

Wengine wanajibu kwa majengo. Novemba 2018 ilizinduliwa Mlimani maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na ya maelfu ya wasomaji kwa wakati mmoja. Ni jengo la kujivunia, na ukiingia msimu wa mitihani utaona vijana walivyokuwa na njaa ya mahali tulivu pa kusomea. Lakini nafasi ya vitabu si vitabu. Mchina alitoa kuta na rafu. Cha kuweka juu ya rafu hizo si kazi yake. Kuhesabu vichwa vilivyoingia mlangoni kisha ukaandika kwenye ripoti kwamba maktaba inafanya kazi ni kupima hospitali kwa idadi ya viti vya wagonjwa wa nje.

Nimebakiza hoja moja, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi. Kazi ya ofisi hiyo ni kununua vitabu, magazeti na majarida ya Afrika Mashariki na nchi jirani, kwa ajili ya Washington na kwa ajili ya maktaba za vyuo vikuu vya Marekani. Huko Evanston, karibu na Chicago, Chuo Kikuu cha Northwestern kina maktaba ya Herskovits, iliyoanzishwa mwaka 1954, ambayo ni mkusanyiko mkubwa wa pekee wa masomo ya Afrika. Nchi iliyozaa Google inalipa mishahara Nairobi ili watu waende maduka ya vitabu ya Dar na Kampala wakanunue riwaya zetu za karatasi, wazisafirishe, waziorodheshe, waziweke. Kama kila kitu kiko mtandaoni, wao hawajapata habari?

Wanajua wanachofanya. Chukua vile vijitabu vya upelelezi na mapenzi vilivyosomwa kwenye mabasi na vibarazani miaka ya 1970 na 1980, vya akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Vilichapwa kwenye karatasi hafifu, vikapitishwa mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka. Wasomi wetu waliviita takataka, na maktaba, kwa kuwasikiliza wasomi, nyingi hazikuvinunua. Chukua majarida ya katuni kama Sani. Au chukua kazi ambazo hakuna msomi atakayeziita takataka: Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, zilizochapishwa na mchapishaji wa chuo chenyewe, Dar es Salaam University Press, mwaka 1990 na 1991. Nenda mtaani ukavitafute vitabu hivyo dukani leo, uone utakavyozungushwa. Kijana wa Mwanza anayetaka kuandika shahada ya uzamivu juu ya riwaya pendwa ya Kiswahili anaweza kujikuta akiomba viza ya kwenda kusoma Kiswahili cha Kariakoo katika mji wenye theluji.

Na hatukukosa sheria. Mwaka 1962, nchi ikiwa haijamaliza mwaka mmoja au imeumaliza tu wa uhuru, chuo chenyewe kikiwa bado kinafundishia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ilitungwa sheria ya kuwataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu vyao kwenye maktaba ya chuo. Makerere ilikuwa na sheria kama hiyo tangu 1958. Waliotunga walielewa kwamba nchi mpya inahitaji mahali pa kuweka kila inachokichapa, kizuri na kibaya, kwa kuwa hakuna anayejua leo mjukuu wake atauliza nini. Chuo hakikuwa hata na mlima wake, lakini kilikuwa na haki ya vitabu. Leo kina mlima, kina jengo la ghorofa, na wachapaji wengi wadogo hawajui kama sheria ya namna hiyo iliwahi kuwepo. Mwandishi anayejichapishia anapeleka nakala kwa mgeni rasmi wa uzinduzi, kwa waandishi wa habari, kwa mkwe. Maktaba haimo kwenye orodha.

Kwa hiyo wakuu wa vyuo mnaokaa kwenye vikao vya bajeti: fungu la kununua vitabu vya Kiswahili na magazeti ya nchi hii liwe na mstari wake, lisifichwe ndani ya "TEHAMA na huduma nyinginezo." Mkutubi akistaafu, ajaze nafasi yake mkutubi. Skana inunuliwe, na pamoja nayo aajiriwe mtu wa kuandika kila kilichoskaniwa ni nini, cha nani, cha lini. Wahadhiri, tasnifu mlizosimamia zipelekwe maktaba zikiwa kamili, na zile zilizolala kwenye makabati ya ofisini zitolewe leo.

Na wewe msomaji, ukiwa umechapisha kitabu, hata cha kurasa arobaini, hata cha mashairi ya harusi, au ukiwa na mafungu ya magazeti ya marehemu babu ambayo mama anataka kuyawashia mkaa, yapeleke kwenye maktaba ya chuo kilicho karibu nawe. Uliza yupo nani wa kuyapokea. Wakikuambia hawana nafasi, waandikie barua, na nakala ya barua umpelekee makamu mkuu wa chuo.